Injini ya Mashine ya Nyasi

Jumamosi saa sita mchana mtaa wa vipuri hujaa watu kiasi kwamba ukitaka kujikuna, unaweza kumkuna jirani. Humo alipita mwanamume mmoja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, suruali ya kijivu na viatu vinavyong'aa, huku kwapani amekumbatia ndege isiyo na pua.

Ulikuwa mwili tu wa ndege ya rimoti, wa mbao na kitambaa, mrefu kuliko mtoto wa darasa la pili. Mabawa yake manne, mawili ya juu na mawili ya chini, alikuwa ameyaacha nyumbani. Mbele, mahali pa injini, palikuwa na ubao mtupu wenye matundu manne.

"Bwana, abiria umewashushia wapi?" akauliza muuza bolti.

"Imeanguka hiyo, au ndiyo kwanza inazaliwa?" akadakia mwenzake.

Mwenye ndege alitazama chini akaongeza mwendo. Alikuwa mtu wa kuona haya haraka, na kazi yake ilimzoesha hivyo. Alikuwa fundi wa meno bandia, na mtaa mzima ulimwita Meno. Watu waliingia karakana yake kwa mlango wa nyuma, wamejifunika mdomo, wakatoka wakitabasamu kwa mlango wa mbele. Akikutana nao barabarani alipita bila kuwasalimu, kwa kuwa salamu ya fundi wa meno ingeweza kuibua maswali. Miaka kumi na miwili alikuwa akila mkate wake kwa kuficha mapengo ya watu, na hakuna aliyemzidi kwa kuficha.

Alipokata kona, mkia wa ndege nao ukakata kona. Ukamgonga dada mmoja aliyekuwa akitoka dukani na mashine ya kukatia nyasi begani. Ndege ikaponyoka. Yule dada akatupa mashine, akaidaka ndege kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamzuia mwenyewe asianguke. Vyote viwili vikanusurika.

"Pole sana, kaka!"

"Hamna neno."

"Neno lipo. Liko kifuani kwako, lina vidole vitano."

Meno akajitazama. Kwenye shati jeupe palikuwa na kiganja kizima cha oili nyeusi, hata mistari ya vidole ilionekana. Akainua macho na kumwona mwenye kiganja: ovaroli ya bluu iliyokunjwa mikono, kitambaa chekundu kichwani, hereni ndogo za fedha, na uso uliokuwa ukizuia kicheko kwa taabu kubwa. Moyo wake ukafanya jambo ambalo haukuwahi kulifanya mbele ya kinywa chochote.

"Unatafuta injini," dada akasema, kama daktari anayemwona mtu akichechemea.

"Umejuaje?"

"Ndege haina pua. Ingia ndani, Mzee atakupa kiti."

Duka lilikuwa la baba yake, lakini fundi alikuwa yeye, na wateja walimwita hivyo hivyo, Fundi. Baba alikuwa mzee mchangamfu mwenye pengo la meno manne ya mbele, na kila akicheka aliweka kiganja mdomoni. Meno aliliona pengo hilo kabla hajaketi, akajifanya hajaliona.

Akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri. Ilikuwa na picha ya injini ya kutoka nje, ya fedha inayong'aa, nyepesi, yenye kasi ya ajabu. Katika klabu yao ya warusha ndege za rimoti, wenzake watatu walikuwa nayo.

Fundi aliitazama kidogo tu. Akaipima pua ya ndege kwa shubiri yake. "Mabawa manne, na pua fupi namna hii. Ukiweka injini nyepesi, mkia utazidi uzito na ndege itakaa chini kama kuku anayetaga. Itabidi ujaze vyuma puani. Sasa kwa nini ununue wepesi halafu uutafutie uzito?"

"Lakini ina kasi."

"Kasi ya nini? Mabawa manne yanakamata upepo. Hii si ndege ya kukimbia, kaka, ni ya kuvuta. Inataka injini nzito kidogo, pangaboi kubwa, mzunguko wa taratibu." Akanyoosha mkono nje ya mlango, akaiokota mashine yake ya nyasi iliyoanguka, akaipiga kofi mgongoni. "Kama hii."

"Mashine ya nyasi?"

"Inafanya kazi juani kutwa nzima na hailalamiki. Mtu mwenye sifa hizo ningeolewa naye kesho."

Mzee akaweka kiganja mdomoni akacheka. Meno akacheka pia, na hapo jambo likawa limekwisha kuamuliwa, ingawa yeye alidhani bado anafikiria.

Kwa majuma sita kila mmoja alifanya kazi yake na ya mwenzake. Fundi aliivua ile injini klachi, akaivua kamba ya kuwashia na makasha yake yote, akatengeneza bamba la kuifungia puani. Meno alikuja kila jioni baada ya kazi na patasi zake ndogo za meno, akalainisha kingo hadi Fundi akamwambia injini haiendi harusini. Asubuhi walipigiana simu.

"Umeamkaje, mpenzi wa mashine?"

"Nimeamka na taya la juu la mama mmoja. Na wewe?"

"Na kabureta iliyoziba. Umekula?"

"Bado."

"Mtu anatengeneza meno ya watu na ya kwake hayatumii! Kula, kipenzi, usije ukadondoka juu ya taya."

Kwa siri Meno alichukua pia vipimo vya kinywa cha Mzee. Mzee alipita mlango wa nyuma kama wote.

Siku waliyoifunga injini kwenye meza na kuiwasha kwa mara ya kwanza, upepo wa pangaboi ulikipeperusha kile kitambaa chekundu kikanasa juu ya rafu. Injini ilinguruma kwa sauti nzito ya kutulia. Meno alimshika Fundi mkono, na Fundi akauvuta.

"Mchafu."

"Sijali."

"Mchumba wangu wa kwanza naye alisema hajali," Fundi akajibu, akifuta vidole kwenye kitambaa ambacho nacho kilikuwa kichafu. "Siku ya kwenda kwao alininawisha mikono mara tatu. Mara ya tatu nikarudi nyumbani." Akamtazama sawasawa. "Jumapili nikija uwanjani kwenu, wakikuuliza mimi ni nani, utasema nini?"

"Nitasema ukweli."

"Utasema?"

"Nitasema."

Hilo tu ndilo alilotaka, na halikuwa kubwa.

Sasa nikueleze kosa la Meno, maana si la mtu mwingine. Klabuni walimwita Dokta. Siku ya kwanza Mwenyekiti, bwana mnene wa kofia na miwani ya jua, alisikia neno meno akarukia neno daktari, na Meno hakumsahihisha. Akalivaa lile jina kwa miaka mitatu. Kwa hiyo Ijumaa ile, akiitazama injini ya nyasi kwenye pua ya ndege yake, aliona haya juu ya haya. Akachonga kifuniko cha pua kwa mikono yake, akakipiga msasa, akakisugua kwa unga anaong'arishia meno. Kikatoka kizuri mno. Injini haikuonekana hata ncha ya plagi.

Jumapili uwanja ulijaa. Mwenyekiti aliizunguka ndege mara mbili.

"Dokta! Umeweka ipi? Ile ya nje?"

Palikuwa na watu kumi wakisikiliza. "Ile ile," Meno akasema.

"Nilijua! Hata ikiwa imezimwa mtu unaisikia."

Wakati huo Fundi alikuwa anakuja kutoka langoni. Alivaa gauni la njano lenye mkanda, viatu vya wazi, na nywele alizisuka upya. Mikono yake aliisugua kwa sabuni na unga wa mbao hadi ikawasha. Mkononi alikuwa na plagi ya akiba ndani ya kikaratasi, kwa maana fundi haendi kutazama injini yake mikono mitupu. Alikuwa amebakiza hatua mbili.

"Na huyu mrembo ni nani?" Mwenyekiti akauliza.

Kujibu kulitaka maneno manne, lakini ukweli huo mmoja ungevuta mwingine: huyu ni mpenzi wangu, anafanya kazi gani, ni fundi wa mashine za nyasi, ahaa, na injini je? Meno aliuona mlolongo wote kwa kufumba na kufumbua. Ulimi wake ukafanya kile ulichozoea kufanya barabarani kila siku.

"Ah, ni wa duka la mashine za nyasi. Ameniletea plagi."

Fundi alisimama. Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliiweka plagi juu ya meza taratibu, akaigeuza kidogo ili isibingirike.

"Mzigo wako umefika, Dokta," akasema, akageuka akaondoka na gauni lake la njano katikati ya watu wote wale, na hakuna aliyemtazama mara mbili.

Ndege iliruka vizuri, na hilo ndilo lililouma zaidi. Ilipaa taratibu, ikapita juu ya vichwa vya watu ikinguruma kwa ule mvumo mzito, ikageuka, ikarudi, ikatua kwa magurudumu mawili bila kuruka hata mara moja. Watu walipiga makofi, wakamshika mkono, wakamsifu kwa kujua kuchagua. Meno alitabasamu na uso ukamuuma. Aibu ilimshika masikio, ikamshuka hadi shingoni. Jioni hiyo hakula.

Simu hazikupokelewa. Akaandika ujumbe kwamba alitaka kumtambulisha baadaye kwa utulivu. Akaandika wa pili kwamba Mwenyekiti ana mdomo. Akaandika wa tatu kwamba alisema vile ili kumlinda. Kila mmoja ulikuwa mbaya kuliko uliotangulia, na mwenyewe alilijua hilo alipokuwa akibonyeza kutuma.

Akampigia dada yake mkubwa.

"Ulimwonea haya?" dada akauliza.

"Nilionea haya injini."

"Usinizungushe. Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga viatu."

"Nilimwonea haya," akasema. "Dada, nilimwonea haya kwa muda mfupi tu, kama pumzi moja."

"Basi ndiyo pumzi aliyoisikia. Mama alishaanza kumuuliza kila mtu huyo mchumba anapenda rangi gani. Sasa wewe utamwambia yaliyotokea, si mimi." Akakata.

Wiki ya pili Mzee alikuja kuvaa meno yake. Alikuja kwa mlango wa nyuma kama kawaida, akaketi kwenye kiti, akafungua kinywa. Meno alimwekea, akamwambia aume, akamwambia aseme moja mpaka kumi. Yalikaa kana kwamba yaliota humo. Mzee alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Unajua kazi yako," akasema. "Mimi nilikuja kwako unifichie pengo, na umelificha. Lakini, mwanangu, binti yangu hakuwa pengo."

Meno alishika kile kioo asijue akiweke wapi.

"Hakunituma," Mzee akaendelea. "Hata jina lako hataji. Anafanya kazi, anakula, analala. Nasema kwa upande wangu tu." Akasimama, akashukuru, akatoka kwa mlango wa mbele, na mtaa mzima ukimwona.

Baada ya hapo Meno hakuweza kukigusa kinywa cha mtu bila kuyakumbuka maneno yale. Alikaa na ndege kwenye chumba cha kazi akaifungua na kuifunga bila sababu. Siku moja, kwa kutaka tu kugusa kitu alichokigusa Fundi, alizizungusha skrubu mbili za kabureta alizokatazwa kabisa kuzigusa.

Jumapili ya tatu ilikuwa siku ya klabu ya kuonyesha ndege mbele ya wageni. Meno alifika mapema amevaa lile shati jeupe la siku ya kwanza. Alikuwa amelifua mara nne, na kile kiganja kilibaki, cha kijivu, kifuani. Kifuniko cha pua alikiacha nyumbani. Injini ilikaa mbele ya ndege wazi, na mapezi yake meusi ya kupoozea na chapa ya mashine ya nyasi ambayo haikufutika.

Mwenyekiti aliinama, akavua miwani. "Dokta, hii nini?"

"Injini ya mashine ya kukatia nyasi. Ndiyo ile ile mliyoipigia makofi. Niliwadanganya."

Kicheko kikalipuka. "Utafyeka mawingu!" mmoja akasema. Mwingine akauliza kama inalipwa kwa eka.

"Na mimi si daktari," Meno akaongeza. "Natengeneza meno bandia. Sijawahi kuwa daktari hata siku moja."

Hapo hawakucheka. Walitazamana. Ili apate cha kufanya na mikono yake, akaiwasha injini. Ikawaka, ikanguruma, na alipoongeza mafuta ikakohoa ikazima. Akajaribu tena, ikakohoa tena, mara ya tatu vivyo hivyo. Wageni walianza kujaa kwenye kamba. Jasho lilimtoka juu ya kile kiganja cha shati.

Akatoa simu. Kwa kuwa Fundi hapokei, akapiga namba ya baba yake, akaweka sauti ya nje ili mikono ibaki huru.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Injini inakohoa."

"Mimi injini sizijui, huku naosha kikombe." Sauti ya mzee ikasikika mbali: "Kuna mgonjwa hapa. Si yeye, ni injini."

Meno akaiwasha, akaongeza mafuta, ikakohoa. Kisha sauti aliyoikosa kwa siku ishirini na moja ikasema, "Nani amegusa skrubu zangu?"

"Mimi."

"Nilikwambia nini?"

"Nisiguse."

"Izime kwanza. Pangaboi halina rafiki." Akaizima. "Sijakupokea wewe, nimepokea injini, tuelewane. Inakosa mafuta. Ile skrubu ya chini, izungushe kushoto, nusu ya robo. Si robo! Nusu ya robo."

Mwenyekiti aliinamia simu, miwani mkononi. "Nani huyo?" akauliza.

Lilikuwa swali lile lile, kutoka kinywa kile kile, na watu sasa walikuwa zaidi ya hamsini. Meno aliinuka.

"Ndiye aliyeichagua injini hii. Ndiye aliyeitengeneza. Alikuja hapa na gauni la njano, mkaniuliza, nikasema ameniletea plagi." Akamtazama Mwenyekiti. "Ni mwanamke ninayempenda. Nilimwonea haya mbele yenu, na tangu siku ile najionea haya mimi."

Simu ikakatika.

Meno alizungusha skrubu nusu ya robo, akawasha. Ikakohoa kidogo kuliko mwanzo, lakini ikazima tena. Akaketi kwenye nyasi karibu na ndege yake. Ndege za wenzake ziliruka na kutua, nyepesi, za fedha, na yeye alizitazama bila kuziona.

Nusu saa ikapita. Langoni akatokea mtu mwenye ovaroli ya bluu, kitambaa chekundu na bisibisi mfukoni, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Safari hii hakunawa. Watu walimpisha wenyewe. Mwenyekiti alinyoosha mkono, akaona ule mkono wa oili, akasita, halafu akaushika kwa mikono yake miwili.

"Fundi," akasema, "kumbe ni wewe."

"Ni mimi," akajibu, akapita.

Hakumtazama Meno. Alipiga goti, akaiwasha injini, akaisikiliza kichwa kimeinama, akaizima, akagusa skrubu ya juu, akagusa ya chini, akaiwasha. Mngurumo ule mzito ukarudi. Akatikisa kichwa kuikubali, injini, si mtu. "Rusha," akasema.

Ndege ikabingiria, ikainua mkia, ikapaa. Meno alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili na macho yake yako juu, hakuweza kugeuza kichwa. Alimsikia tu akija kusimama kando yake.

"Shati gani hilo?"

"La siku ile."

"Halijatoka."

"Sikulisugua sana."

Ndege ilizunguka mara moja. Kisha Meno alihisi kiganja kifuani pake, kizima, kizito, kinajifuta taratibu juu ya lile doa la zamani hadi likawa jeusi upya. Watu wote waliona. Kidole kikamteleza kwenye rimoti, na ndege juu ikayumba.

"Shika vizuri," Fundi akamwambia. "Sijamaliza hasira. Itachukua muda, na utavumilia."

"Nitavumilia."

"Mama yako akikuuliza hii ni nini, utasema nini?"

"Nitasema ni mkono wa mke wangu," Meno akajibu, macho juu, na machozi yakimfanya aone ndege mbili. "Kama mwenyewe atakubali."

"Tua kwanza. Mafuta yanaisha."

Aliishusha kwa shida, ikaruka mara mbili kabla ya kutulia, na ikaja ikabingiria hadi miguuni mwao. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa kila mtu alikuwa anasubiri. Fundi aliinama akazima injini ili asikike.

"Nimekubali," akasema. "Lakini shati hilo usilifue mpaka mama yako alione."